Hana Alibaki Nyumbani Kunyonyesha

Andiko kuu: 1 Samweli 1:21–28. Soma pia Mwanzo 33:12–14, Isaya 40:11 na Yohana 9:1–3.

 

Leo tumefungua habari tunayoijua sana. Hana tumemhubiri mara nyingi katika kanisa hili, hasa kwenye kesha na kwenye maombi ya mwezi wa kwanza. Tunajua machozi yake. Tunajua Penina alivyomchokoza mwaka baada ya mwaka. Tunajua mzee Eli alivyoona midomo inacheza bila sauti, akadhani mama wa watu amelewa. Halafu Mungu akamkumbuka, Samweli akazaliwa, haleluya, na hapo mhubiri anaruka moja kwa moja mpaka siku mtoto anapelekwa Shilo.

Lakini angalia Biblia yako. Kati ya kuzaliwa na kupelekwa kuna mstari wa 21, wa 22 na wa 23, na ndani ya hiyo mistari mitatu kuna miaka. Siku zile mtoto alinyonya miaka miwili, pengine mitatu. Hana yuko nyumbani Rama na mtoto kifuani. Hakuna malaika anayetokea hapo, hakuna sauti kutoka mbinguni. Ni kunyonyesha tu, mchana na usiku, kesho tena.

Nataka tuketi kwenye hiyo mistari leo, kwa sababu hapa ndani kuna akina dada ambao wako mstari wa 22 na hakuna mtu anawahubiria. Waliombewa wapate mtoto. Mtoto amekuja, ushuhuda umetolewa, tumeimba, tumekula, tumerudi kwetu. Sasa ni saa nane ya usiku. Mtoto analia. Mama amemweka titi la kulia, amemweka la kushoto, bado analia. Chuchu zimepasuka zinatoa damu. Baba amegeukia ukuta. Na huyu dada anajiuliza moyoni, neno ambalo hawezi kulitamka kwenye ushirika wa nyumbani: Bwana, ulinipa mtoto ukaninyima maziwa?

Huyo ndiye naongea naye. Wengine mnaruhusiwa kusikiliza, na baadaye nitawafikia.

Nani alitenda dhambi?

Wanafunzi wa Yesu walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, swali lao la kwanza lilikuwa ni nani alikosea, yeye au wazazi wake. Yesu akakataa swali lenyewe. Si huyu, wala si wazazi. Soma Yohana 9 mwenyewe ukifika nyumbani.

Sisi hilo swali bado tunalo, tumelivisha nguo nyingine tu. Mama akisema maziwa hayatoshi, atasikia kuna roho imekausha. Atasikia ni jicho la jirani aliyekuja kumwona mtoto akasifu sana. Atasikia ni laana ya ukoo, kwa sababu hata shangazi yake hakuwa na maziwa. Wengine wanamuuliza kama aliungama kila kitu kabla ya kujifungua. Na kuna wahubiri wanafungua Hosea 9:14, pale nabii anapotaja matiti makavu, wanamsomea mama aliyejifungua juzi kwa upasuaji. Mpendwa, Hosea alikuwa anatangaza hukumu juu ya taifa la Efraimu lililomwacha Mungu. Hakuwa anampima mama wa Kayole mwenye mtoto wa wiki mbili. Ukitaka kuona titi kukauka katika Biblia, fungua pia Maombolezo 4, mahali ulimi wa mtoto anyonyaye umeshikamana na kaakaa kwa kiu. Yale yalikuwa mazingira ya vita. Mji ulizingirwa, chakula kiliisha, akina mama walikuwa na njaa. Mama aliyedhoofika kwa njaa anahitaji chakula na watu wa kumtunza. Ukimkemea pepo bila kumpikia uji, hujamsaidia.

Sisemi shetani hayupo. Mnanijua, mimi siogopi kukemea. Nasema usimwekee dada yako pepo ambalo halipo, kwa sababu hofu unayompandia ina kazi inafanya mwilini. Mungu aliumba mwili wa mama kwa namna ya ajabu. Maziwa yanatengenezwa kwa homoni moja, prolaktini, na yanasukumwa yatoke kwa homoni nyingine, oksitosini. Hiyo ya pili inazuilika kirahisi. Maumivu makali, hofu na aibu vinaweza kufanya maziwa yakawie kushuka hata kama yamo. Sasa fikiria umeenda kwa mama huyo na wenzako watano, mmemzunguka, mmemwambia kuna kitu katika ukoo wenu. Mmetoka, mtoto analilia titi, na maziwa ambayo yangeshuka kwa dakika mbili sasa hayashuki. Halafu mnasema, mmeona?

Penina hakuwa na silaha nyingine isipokuwa mdomo. Tuwe waangalifu.

Maziwa yanaongezwa na kunyonya

Sasa wacha nifundishe kidogo, maana watu wa Mungu huangamia kwa kukosa maarifa, na hili eneo maarifa yako karibu kabisa, yako pale kliniki.

Kwanza, siku mbili tatu za mwanzo maziwa ni kidogo. Ndivyo yalivyopangwa. Yale maziwa ya kwanza, mazito, ya manjano, yanayoitwa dang'a, hayatoki kwa kikombe. Tumbo la mtoto siku ya kwanza linabeba kama kijiko kimoja cha chai kwa wakati mmoja. Maziwa mengi huanza kushuka kati ya siku ya pili na ya tano, na kwa mama aliyepasuliwa au aliyepoteza damu nyingi yanaweza kuchelewa zaidi. Mama anaona hayo matone, anaona mtoto analia, na shosho anasema mtoto ana njaa, lete maji ya sukari.

Hapo ndipo shida huanza kwa wengi. Titi halifanyi kazi kama tangi la maji ambalo ukitumia linaisha unangoja kaunti ilete. Titi linatengeneza kulingana na linavyonyonywa. Mtoto akinyonya mara nane hadi 12 kwa siku nzima na usiku, mwili unapata habari kwamba kuna mtu hapa, ongeza. Mtoto akishibishwa maji ya sukari au maziwa ya ng'ombe, analala masaa mengi, titi halinyonywi, mwili unapata habari kwamba hakuna anayehitaji, punguza. Kesho maziwa ni kidogo kweli, na shosho anasema, si nilikwambia. Mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji hata maji. Hata Lodwar, hata Garissa kwenye lile joto, maziwa ya mama yenyewe ni maji kwa sehemu kubwa. Na maji tunayochota mitaani mnayajua, mtoto mchanga akiharisha ni hatari.

Kuna usiku, na hasa jioni, mtoto atataka kunyonya kila baada ya nusu saa. Wengi hufanya hivyo wakiwa na wiki mbili au tatu, tena karibu wiki ya sita. Haina maana kwamba maziwa yameisha. Mtoto anakua, anaweka oda ya kesho. Usiku usimnyime, kwa sababu prolaktini hupanda zaidi usiku.

Na hayo maziwa yanayoonekana mepesi kama maji, yenye rangi ya buluu kidogo? Hayajaharibika. Maziwa ya mwanzo wa kunyonya huwa mepesi, yanakata kiu, na jinsi titi linavyoendelea kunyonywa mafuta yanaongezeka. Basi mwache amalize titi moja kabla hujamhamisha. Mama mkwe asikukamulie kwenye kijiko aangalie kwenye mwanga aseme haya si maziwa.

Binti mmoja wa kanisa hili amenikubalia niseme habari zake bila jina. Mtoto wake alikuwa na siku 19. Alikuja baada ya maombi ya Alhamisi, akaniambia, "Mama mchungaji, naomba mnivunjie laana ya matiti makavu." Nilimshika mkono tukaomba, na tuliomba kweli. Halafu nikamwita dada mmoja wa kwaya ambaye ni mkunga, tukaingia chumba cha watoto, akamwambia, sasa mnyonyeshe nikuone. Yule mkunga hakuchukua dakika moja. Mtoto alikuwa ameshika chuchu peke yake, kama anayenyonya mrija. Kila akivuta mama anakunja uso. Mkunga akamkalisha vizuri, akaweka mto mgongoni, akamgeuza mtoto tumbo kwa tumbo na mama, akasubiri mtoto afungue mdomo wazi kama anayepiga miayo, ndipo akamleta kwa titi haraka. Kidevu kimegusa titi. Mdomo wa chini umegeuka nje. Ile sehemu nyeusi inayozunguka chuchu ikaonekana zaidi juu kuliko chini. Na binti akasema, "Hainiumi." Alishtuka. Alikuwa amefikiri kuumia ndiyo kunyonyesha. Tukakaa kimya tukisikia mtoto anameza, ku, ku, ku. Kesho yake asubuhi akaenda kliniki mtoto apimwe, kwa sababu mkunga alikataa abaki na furaha bila mizani. Alikuwa bado chini ya uzito aliozaliwa nao. Kliniki wakampangia kunyonyesha kila masaa mawili, kukamua baada ya kunyonyesha, na kurudi kupimwa. Wiki iliyofuata alikuwa ameongeza gramu 210.

Mungu alijibu maombi yale. Alijibu kwa mkono wa mkunga anayeimba alto.

Kwa hivyo, dada, usipime maziwa kwa kilio cha mtoto, wala kwa titi kuwa laini, wala kwa kukamua ukaona kidogo. Pima kwa mkojo na kwa mizani. Kuanzia kama siku ya tano, mtoto anayeshiba hulowesha nepi mara sita au zaidi kwa siku, na mkojo hauna rangi kali. Siku za kwanza kila mtoto hupunguza uzito kidogo, lakini akipunguza zaidi ya asilimia 10, au akifika wiki mbili hajarudia uzito wa kuzaliwa, mpeleke aonwe. Baada ya hapo, mtoto wa miezi ya kwanza anatakiwa kuongeza angalau nusu kilo kwa mwezi. Kile kijitabu cha mama na mtoto mlichopewa si cha kuficha chini ya godoro na cheti cha ubatizo. Kifungue, uone ule mstari unapanda.

Na sikiliza hili kwa makini, hata kama umelala amka. Mtoto mchanga akiwa mlegevu, haamki kunyonya, ameshindwa kunyonya, ana homa au mwili umekuwa baridi, macho na ngozi zimekuwa manjano, utosi umebonyea, hajakojoa masaa mengi, au anatetemeka kwa degedege, usimlete kanisani kwanza. Usingoje ibada ya uponyaji. Usinipigie niombe kabla hujapanda bodaboda. Panda, nenda hospitali, nipigie ukiwa njiani, nitaomba nikiwa kwa simu. Maombi yangu yatakufikia ukiwa kwa foleni ya daktari vile vile yangekufikia madhabahuni.

Vile vile titi likivimba sehemu moja, likawa jekundu, linauma, na wewe una homa na mwili unauma kama una malaria. Hiyo inatibika. Endelea kunyonyesha upande huo huo, na uonwe na daktari siku hiyo, pengine utahitaji dawa.

Kwa mama anayetumia ARV, neno langu ni fupi. Tumia dawa kila siku, nyonyesha jinsi kliniki yako ilivyokufundisha, na mtoto apewe dawa zake na vipimo vyake kwa wakati. Mtu akikuletea unabii kwamba umepona utupe dawa, huyo mwambie aje kwangu.

Njahi je? Kuleni njahi, si nimewakataza? Kuleni uji wa wimbi, supu, omena, managu, terere, kunyweni chai ya maziwa. Mama anayenyonyesha ana njaa na kiu ya kweli. Lakini hakuna sufuria ya njahi inayoweza kufanya kazi ya mtoto kunyonya. Chakula kinamshikilia mama, kunyonya kunashikilia maziwa.

Na kuna wachache, hata wakifanya yote haya, maziwa hayatoshi. Wengine ni shida ya tezi, au sehemu ya kondo ilibaki ndani, au mtoto alizaliwa kabla ya wakati hana nguvu. Daktari akikuambia mtoto aongezewe maziwa ya kopo, hujamkosea Mungu na hujashindwa kuwa mama. Mpe kwa kikombe safi, na upime unga na maji vile kopo linavyosema. Najua bei yake. Najua jinsi mtu anavyoongeza maji ili kopo lifike mwisho wa mwezi. Usifanye hivyo, mtoto atadhoofika mbele ya macho yako. Njoo useme, kanisa lina mfuko wa mahitaji, na kununua sahani za satelaiti si kazi yake. Tena jueni kwamba Hospitali ya Pumwani kule Nairobi ilianzisha benki ya maziwa ya mama mwaka wa 2019, ya kwanza Kenya, ambapo mama mwenye maziwa mengi hutoa kwa ajili ya watoto wachanga wanaoyahitaji sana. Mama anamnyonyesha mtoto asiyemjua. Kama hiyo si mahubiri, sijui mahubiri ni nini.

Elkana hakubishana

Sasa nimewafikia wanaume.

Mwaka ulifika, Elkana anafunga safari na nyumba yake yote kwenda Shilo kutoa dhabihu. Ni jambo la ibada, ni jambo la nadhiri. Hana anamwambia mumewe kwamba yeye haendi mpaka mtoto aachishwe ziwa. Hebu jiulizeni ingekuwa nyumbani kwenu. "Watu watasema nini?" "Mungu amekupa mtoto halafu unaacha kwenda nyumbani kwake?" Elkana anamjibu, kwa maneno yangu: fanya unaloona ni jema, kaa, na Bwana alithibitishe neno lake. Hakumwita mvivu. Hakumwambia mama yangu alizaa kumi na akalima. Alienda safari yake, na bado alihesabu kule kunyonyesha kuwa ni sehemu ya neno la Bwana kutimia.

Angalia hapo. Nabii aliyekuja kumpaka Daudi mafuta, maandalizi yake ya kwanza ya huduma yalikuwa kifua cha mama yake, na baba aliyeyalinda.

Ndugu, wewe huna maziwa, lakini una mikono. Chota maji. Fua nepi, hazitakuvunja. Mpe mama chakula kabla hajaomba. Mtoto akimaliza kunyonya mchukue umcheulishe ili mama alale saa moja. Na wageni wakijaa sebuleni wakiuliza mbona mtoto ni mdogo hivi, wewe ndiye mlinzi wa mlango. Mama yako mzazi akisema huyu msichana hana maziwa, mjibu wewe, kwa heshima, usimwachie mke wako hiyo vita.

Na ukiona mke wako analia kila siku wiki ya pili imepita, halali hata mtoto akilala, anasema mtoto angekuwa heri na mama mwingine, hiyo si roho ya manung'uniko. Ni ugonjwa unaowapata akina mama wengi baada ya kujifungua. Nenda naye hospitali, ukae naye mle ndani, usimwachie hata siku moja akiwa peke yake na mawazo hayo.

Kuhusu mfungo

Hili nitalisema waziwazi ili lisiwe swali tena mwezi wa kwanza. Tunapotangaza mfungo wa siku 21, mama mwenye mtoto anayenyonya hayumo. Hata kama ulitabiriwa. Hata kama kiongozi wa maombi amekutazama vibaya. Hana aliacha dhabihu ya mwaka mzima, mwaka baada ya mwaka, na Biblia haina mstari hata mmoja wa kumkemea. Kula. Kunywa. Kesha pia hayumo, kwa sababu kesha lake lipo tayari, linaanza saa nane ya usiku na halina mpiga kinanda.

Hana hakukosa ibada miaka ile. Alipomwachisha Samweli alipanda Shilo na ng'ombe, na unga, na divai, sadaka nzito. Wapendwa, tunajua kusherehekea kuzaliwa na tunajua kusherehekea kubatizwa. Abrahamu alifanya karamu kubwa siku Isaka alipoachishwa ziwa, Mwanzo 21:8. Mimi ningependa tuianze hiyo hapa.

Mwendo wa wanyonyeshao

Mwanzo 33. Yakobo amekutana na Esau baada ya miaka mingi, wamekumbatiana, wamelia. Esau ana watu 400, ana haraka, anasema twende pamoja. Yakobo anakataa kwa adabu. Anamweleza kwamba watoto ni wadogo, na anao kondoo na ng'ombe wanaonyonyesha, na wakiendeshwa kwa nguvu hata siku moja tu kundi lote litakufa. Wewe tangulia, mimi nitaenda kwa mwendo wa hawa. Ukiwa umetoka Kajiado au Pokot hili huhitaji kuhubiriwa. Mchungaji wa mifugo anajua mnyama anayenyonyesha hapelekwi mbio. Na Isaya 40:11 anasema Bwana mwenyewe ndivyo alivyo, wadogo anawabeba kifuani, na wanaonyonyesha anawaongoza taratibu.

Ni sisi ndio tuna mwendo wa Esau.

Kuna mwajiri ameketi hapa leo. Msaidizi wako wa nyumbani alijifungua, baada ya wiki tatu ukapiga simu kwamba asiporudi Jumatatu unatafuta mwingine. Mtoto wake ameachwa ushago kwa nyanya anapewa maziwa ya ng'ombe yaliyoongezwa maji, na yeye yuko kwako anakamua maziwa kwenye sinki huku amembeba wako. Sheria ya kazi ya Kenya ya 2007 inampa mama miezi mitatu ya likizo yenye mshahara, na haikusema isipokuwa msaidizi wa nyumbani. Sheria ya afya ya 2017 inawataka waajiri watenge mahali pa akina mama kunyonyesha au kukamua. Hata bila sheria, soma Kutoka 2. Binti Farao, ambaye hakumjua Bwana, alimwambia Yokebedi ninyonyeshee huyu mtoto, nami nitakulipa mshahara. Mpagani alilipa mtu anyonyeshe. Wewe uliyeokoka unakata mshahara.

Na dada unayerudi kazini, sokoni au kiwandani, jifunze kukamua kwa mkono mapema, wiki moja au mbili kabla. Nawa mikono, tumia chombo safi chenye mfuniko. Maziwa yakikaa nje kwenye joto la kawaida, yatumike ndani ya masaa manne. Ukirudi jioni, nyonyesha sana usiku, hiyo itakulindia maziwa.

Kuanzia Jumapili ijayo kile chumba kilicho karibu na jikoni kitakuwa cha akina mama wanaonyonyesha. Spika itawekwa ndogo ili wasikie neno bila kuamsha watoto. Lakini hakuna mhudumu wa mlango atakayemwambia mama atoke ukumbini kwa sababu mtoto amelilia titi. Ukitaka kukaa hapa mbele na leso yako, kaa. Yule dada mkunga atakuwa mle chumbani baada ya ibada ya kwanza. Zamu ya kupika na kufua kwa mama aliyejifungua ni wiki sita kwa kila mama, na karatasi ya majina iko kwa mama shemasi. Nimeiangalia asubuhi hii, ina majina 14, yote ya wanawake. Wanaume, kalamu iko pale.

Sasa wote wenye watoto wanaonyonya, njooni mbele tuwaombee. Msisimame, viti vimewekwa. Mtoto akilia, mnyonyeshe hapo hapo, tutaomba huku ananyonya.